Usiuze amplifaya ya baba, nunua kikasha

Na MWANDISHI WETU

ANAYETAKA kujifunza kununua kitu bila kupunjwa na aamke Jumamosi alfajiri, aende Gikomba.

Hapo atawaona wanunuzi wakichakura mitumba iliyotolewa kwenye robota punde tu. Mnunuzi hasomi lebo kwanza. Huligeuza shati ndani nje, huvuta mshono, huhesabu vifungo, kisha huliinua kwenye mwanga kuona kama lina tundu. Akiridhika ndipo huuliza bei, na bei atakayotajiwa kwanza haikubali ng'o.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vyombo vya umeme, ujanja wote humtoka. Husimama mbele ya kabati la vioo, husomewa maneno yaliyochapishwa kwenye boksi, kisha hutoa pesa na kwenda zake.

Makala haya yanahusu chombo kimoja ambacho familia nyingi za mitaa ya Eastlands huenda zikakihitaji, na ambacho wengi hukinunua vibaya. Ni kikasha kidogo kinachoweza kufichwa kiganjani. Kazi yake ni kugeuza sauti ya dijitali iwe ya analogi. Wauzaji hukiita konvata.

Ukijua kukichagua, utaokoa pesa na utaokoa amplifaya ya zamani iliyojaa vumbi chini ya meza. Usipojua, utanunua kisichofaa, au utanunua cha bei ghali kinachofanya kazi ile ile ya kile cha bei rahisi.

CHANZO CHA TATIZO

Kenya ilipozima matangazo ya televisheni ya analogi mwaka 2015, televisheni zenye kisogo kikubwa zilianza kutoweka sebuleni. Mahali pake pakachukuliwa na hizi nyembamba zinazotundikwa ukutani kama picha.

Picha yake ni nzuri, hakuna ubishi. Lakini spika nzuri huhitaji nafasi ya hewa nyuma yake, na televisheni iliyo nyembamba kama sinia haina nafasi hiyo. Matokeo ni kwamba mtangazaji wa habari husikika kana kwamba ana mafua, na gitaa la besi katika wimbo wa benga hupotea kabisa.

Baba hukumbuka kwamba ana amplifaya yake na spika mbili kubwa alizonunua miaka ya themanini au tisini. Huivuta, huipangusa vumbi, huigeuza. Nyuma yake kuna matundu mekundu na meupe. Huigeuza na televisheni kutafuta matundu kama hayo. Hayapo. Pengine lipo tundu moja tu la pembe nne, lililoandikwa OPTICAL au DIGITAL AUDIO OUT, na ndani yake mnamulika mwanga mwekundu.

Hapo ndipo kikao cha familia huanza. Vijana husema vyombo vya zamani vimepitwa na wakati na kwamba inunuliwe woofa mpya. Mama huuliza pesa za woofa zitatoka wapi ilhali karo haijalipwa. Mara nyingi hadithi huishia kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na amplifaya iliyodumu miaka thelathini huondoka kwa bei ya kilo mbili za nyama.

Kumbe kilichokosekana ni mkalimani tu.

FUNDI NA VIPIMO

Mteja akienda kwa fundi wa nguo, fundi humpima kifua, kiuno na mkono, na kuandika nambari daftarini. Fundi mwingine aliye Mombasa akitumiwa nambari hizo anaweza kushona suti itakayomkaa vyema mtu ambaye hajawahi kumwona. Nambari si suti, lakini ndizo zinazoibeba.

Sauti ya dijitali nayo ni daftari la nambari. Kwa mfano, CD ambazo kanuni zake zilitungwa na kampuni za Sony na Philips, na zilizoanza kuuzwa Japani mwezi Oktoba 1982, hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde. Hivyo ni vya spika ya kushoto peke yake. Ya kulia ina vyake. Kila kipimo huangukia kwenye ngazi moja kati ya ngazi 65,536.

Spika haisomi nambari. Inataka umeme unaopanda na kushuka kama wimbi, ili uisukume mbele na kuivuta nyuma. Konvata ndiyo yule fundi wa Mombasa: husoma nambari na kushona upya wimbi la sauti. Amplifaya hulipokea wimbi hilo, hulitia nguvu na kulipeleka kwenye spika.

Wako wanaohofia kwamba sauti iliyokatwakatwa kuwa nambari lazima ipoteze kitu. Hofu hiyo ilijibiwa zamani. Hesabu zilizoanzishwa na Harry Nyquist mwaka 1928, na kuthibitishwa na Claude Shannon mwaka 1949, zinaonyesha kwamba wimbi hurudishwa lilivyokuwa iwapo lilipimwa zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na la mzee hufika chini ya hapo. Vipimo 44,100 vinatosha na kubakisha.

HUENDA TAYARI UNAYO

Kabla ya kutoa hata shilingi, zunguka nyumba yako. Konvata imo ndani ya kila chombo kinachosoma sauti ya dijitali na kuitoa kwenye spika au hedifoni. Imo ndani ya simu, ndani ya kompyuta, ndani ya mashine ya DVD na ndani ya king'amuzi.

Tazama kwanza ubavu wa televisheni. Ikiwa lina tundu dogo la duara la hedifoni, basi televisheni yako imekwisha kufanya tafsiri yenyewe. Unachohitaji ni waya wenye plagi ndogo upande mmoja na plagi mbili, nyekundu na nyeupe, upande wa pili. Hiki ndicho kitu cha bei rahisi kupita vyote katika makala haya, na huenda kikamaliza kazi.

Kisha tazama nyuma ya king'amuzi. Vingi vina matundu mekundu na meupe. Ikiwa familia hutazama matangazo ya king'amuzi peke yake, peleka waya kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye amplifaya.

Nunua konvata ikiwa tu umejaribu hayo na ukakuta mojawapo ya mambo haya: televisheni haina tundu lolote la sauti ila lile la mwanga, au tundu la hedifoni lipo lakini lina mvumo na mkwaruzo, au simu yako haina tundu la hedifoni.

KAGUA MSHONO

Ukishajua kwamba unaihitaji, nenda dukani kwa jicho la Gikomba. Vikasha vya kawaida visivyo na jina kubwa mara nyingi havipiti noti chache za shilingi elfu moja. Bei hutofautiana duka kwa duka, kwa hivyo uliza mahali patatu kabla ya kununua.

Jambo la kwanza ni mwelekeo. Kuna vikasha viwili vinavyofanana kama mapacha, na kazi zao ni kinyume. Kimoja hugeuza dijitali kuwa analogi, kingine hugeuza analogi kuwa dijitali. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua pacha asiye wake na akapoteza Jumapili nzima akigeuza waya na kuilaumu amplifaya. Usitazame picha ya boksi. Tazama kikasha chenyewe: tundu la mwanga liwe upande ulioandikwa INPUT, na matundu mekundu na meupe yawe upande ulioandikwa OUTPUT.

Jambo la pili ni matundu. Andika kwenye karatasi matundu ya televisheni yako, au yapige picha kwa simu, kabla ya kutoka nyumbani. Njia ya mwanga iliyobuniwa na Toshiba mwaka 1983 ndiyo inayopatikana kwenye televisheni nyingi. Vyombo vingine hutumia tundu la duara la waya wa kawaida, lililoandikwa COAXIAL. Konvata nyingi hupokea zote mbili.

Jambo la tatu ni vinavyofuatana na kikasha. Uliza kama waya wa mwanga na waya wa umeme vimo ndani ya boksi, maana kununua kando huongeza gharama. Waya wa mwanga usiukunje kama kamba ya viatu, kwa kuwa ndani yake mwanga hupita kwenye uzi wa plastiki au kioo unaoweza kuvunjika. Na kabla ya kuuchomeka, ondoa vifuniko vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ncha zake. Kuna waliorudi dukani wakilalamika kumbe kifuniko hakikuwa kimetolewa.

Jambo la nne ni kuzungumza na muuzaji kuhusu kurudisha. Omba risiti, na mpatane mapema kwamba kikikataa utakirudisha kesho yake. Muuzaji asiyekubali hilo, mwache na boksi lake.

LEBO SI SHATI

Sasa tufike pale pesa nyingi zinapopotea.

Muuzaji atakuonyesha kikasha cha bei ya chini, kisha atakuonyesha kingine cha bei mara tano. Atakwambia hiki kina biti 24 na vipimo 192,000 kwa sekunde, na kwamba kile kingine ni cha watu wasiojua muziki. Nambari hizo ni za kweli, lakini ni lebo. Vikasha vingi vya bei ya chini vimeandikwa nambari hizo hizo.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, E. Brad Meyer na David R. Moran, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya eneo la Boston. Waliwapigia wasikilizaji muziki kutoka kwa diski zenye vipimo vingi kuliko CD. Kisha muziki ule ule waliupitisha kwenye chombo kinachoubana hadi kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni chini kidogo ya nusu, yaani sawa na kurusha sarafu.

Ikiwa watu waliokaa mbele ya spika za maana hawakutambua tofauti, wewe uliye Umoja au Kaloleni, huku matatu ikipiga honi dirishani na jirani akikaanga vitunguu, una sababu gani ya kulipia nambari hizo?

Hii haimaanishi kwamba konvata zote ni sawa. Mbaya zipo, na ubaya wake husikika. Washa kila kitu, usicheze muziki wowote, kisha pandisha sauti ya amplifaya polepole. Ukisikia mvumo mzito au mchakacho kama wa mvua kwenye mabati, kuna kasoro. Cheza wimbo unaoujua vizuri, uhakikishe kwamba ala iliyo kushoto inatoka kushoto. Tazama mdomo wa mtangazaji, uone kama maneno yanakuja pamoja nao. Acha kikasha kwa saa moja, kisha kiguse: kikiwa vuguvugu si neno, kikichoma ni hatari.

Kikipita majaribio hayo manne, ni kizuri. Acha kutafuta kingine.

MAMBO YA UMEME

Konvata ndogo hutumia volti 5 tu, sawa na chaja ya simu. Wengi huichomeka kwenye tundu la USB la televisheni. Ikileta mvumo, usikitupe kikasha. Jaribu kwanza chaja nzuri ya simu ukutani. Mara nyingi mvumo hutoweka hapo hapo.

Kama hakuna sauti kabisa, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni kwa rimoti na utafute maneno DIGITAL OUTPUT. Chagua PCM. Televisheni nyingi hutoa sauti iliyofungwa kwa mtindo wa Dolby, na vikasha vya bei ya chini haviwezi kuifungua. Vitanyamaza au vitatoa kelele, na mwenye nyumba atadhani ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Upande wa amplifaya, chomeka plagi zako kwenye matundu ya AUX, CD au TAPE. Usichomeke kamwe kwenye PHONO. Tundu hilo ni la mashine ya santuri, ambayo hutoa umeme wa sehemu chache tu za elfu moja za volti, ilhali konvata inaweza kutoa kama volti 2. Sauti itakayotoka itakuwa ya kupasua, na spika zinaweza kuharibika.

Jua pia kwamba kwenye televisheni nyingi rimoti haitapandisha wala kushusha sauti inayopita kwenye njia ya mwanga. Itakubidi uinuke na kuzungusha kitasa cha amplifaya, kama zamani. Anayeona hilo ni usumbufu anunue konvata yenye kitasa chake.

Onyo kubwa ni kwa wale wasio na amplifaya na wanaotaka kununua iliyotumika. Zilizotoka Uingereza hutumia umeme unaolingana na wetu. Zilizotengenezewa soko la Japani hutaka volti 100, na za Marekani volti 120. Umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka ya Japani moja kwa moja, transfoma yake itaungua na utabaki na moshi. Soma kibandiko kilicho nyuma kabla ya kulipa. Ukiipenda sana, weka kwenye hesabu bei ya transfoma ya kupunguza umeme, yenye nguvu kuliko amplifaya yenyewe.

KWA WANAFUNZI

Mwanafunzi mwenye chumba kimoja hana haja ya kuiga sebule ya wazazi. Simu au kompyuta yenye tundu la hedifoni inatosha, pamoja na waya mmoja hadi kwenye spika.

Wenye simu zisizo na tundu hilo wanahitaji adapta, na adapta hiyo nayo ni konvata. Kampuni ya Apple ilipoondoa tundu kwenye simu ya iPhone 7 mwaka 2016, ilianza kuuza adapta ya dola 9 kule Marekani, na ndani ya waya huo mfupi mna chipu nzima ya kugeuza sauti. Hapo ndipo teknolojia hii ilipofika: kazi iliyokuwa ya mashine nzito sasa inafanywa na kitu chembamba kuliko kalamu.

Lakini angalia. Baadhi ya adapta za waya hazina chipu ndani, na hufanya kazi na simu chache tu. Beba simu yako dukani na uijaribu hapo hapo kabla ya kulipa.

Kompyuta ikivuma kwenye spika kila unapoichaji, chomoa chaja usikilize. Mvumo ukikoma, tatizo ni umeme wa chaja. Unaweza kucheza muziki kwa betri bila gharama yoyote. Ukiwa na pesa kidogo, konvata ya nje inayochomekwa kwenye USB inaweza kusaidia.

PESA ZIENDE WAPI

Tukiwa na shilingi kumi za kutengeneza sauti ya nyumbani, moja inatosha kwa konvata na waya. Zilizobaki ni za spika.

Sababu ni rahisi. Konvata ya bei ya chini hukosea kwa kiasi ambacho sikio halikitambui. Spika mbaya hukosea kwa kiasi ambacho hata mtoto atakisikia kutoka jikoni. Ukinunua spika zilizotumika, fanya kama Gikomba: vua kitambaa cha mbele, gusa polepole ukingo unaozunguka koni. Kwenye spika nyingi ukingo huo ni wa sponji, na sponji huoza kwa miaka. Ikimeguka kidoleni, punguza bei au ondoka.

Spika zikiwa sakafuni au zimesukumwa kwenye kona, besi huvimba na kumeza maneno. Ziinue hadi zifikie masikio ya mtu aliyeketi, uzitenganishe kama unavyokaa mbali nazo. Maseremala wa Gikomba wanaotengeneza vitanda na meza hawatashindwa kukuundia vibao viwili vya kuziwekea. Kazi hiyo ndogo itabadilisha sauti yako kuliko kikasha chochote cha bei kubwa.

Basi mwanzoni mwa mwezi, kabla ya mnunuzi wa vyuma vikuukuu kubisha mlango, ivute ile amplifaya ya baba. Soma kibandiko cha umeme. Tafuta tundu la hedifoni kwenye televisheni. Lisipokuwepo, nenda ukatafute kikasha, na usisahau kukigeuza pande zote.

Vijana watasema ni cha zamani. Waache waseme mpaka Jumapili adhuhuri, baba atakapoweka wimbo wa ujana wake na gitaa la besi likasikika tena sebuleni. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Safari hii dhahabu yenyewe ilikuwa chini ya meza, imekosa tu wa kuitafsiria.